Wageni Walipoondoka, Vibanda Vikabaki

  Leo nataka twende ziwani. Si Victoria wala Tanganyika, hayo tumekwisha kuyazungumza na tutayarudia. Leo tunakwenda mbali, Marekani, jimbo la Minnesota, kwenye ziwa liitwalo Minnetonka. Liko magharibi ya jiji la Minneapolis, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kama hakuna foleni.

Najua baadhi yenu mnanisikiliza kutoka huko huko. Wakenya ni wengi Minneapolis na vitongoji vyake vya kaskazini, Brooklyn Park na majirani zake, na wengi wako kwenye kazi za uuguzi na kutunza wazee. Mimi nami niliifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, na ndiyo iliyonifikisha ziwani. Maana mtu wa hali yetu haendi Minnetonka kutembea. Anakwenda kwa sababu kuna mzee huko anayehitaji kuogeshwa na kupikiwa uji.

Basi nianze na swali. Umewahi kuishi mahali ambapo wenzako huja kupumzika? Wewe unawahi kazini, mwenzako amesimama katikati ya njia anapiga picha. Bei ya samaki inapanda kila msimu wa wageni. Watu wa Zanzibar, Malindi na Diani, hili mnalijua kuliko mimi. Sasa swali la pili, na hili ndilo la leo: wageni wakiacha kuja, mahali pale panageuka nini? Kule Minnetonka wageni wakubwa wa hoteli waliacha kuja zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Vijiji vyao bado vipo. Vina watu, vina shule, vina vinyozi na maduka ya dawa. Nataka tuone watu hao wanaishi vipi ndani ya ramani iliyochorwa kwa ajili ya likizo ya watu wengine.

Kwanza tulijue ziwa lenyewe. Msidhani ni la duara. Ni ghuba inayoingia kwenye ghuba, rasi hapa, kisiwa pale, mlango mwembamba wa maji ambao boti mbili zikikutana lazima moja ipunguze mwendo. Zamani sana barafu kubwa ilifunika nchi ile, ikayeyuka, ikaacha mashimo, na mashimo hayo yakajaa maji na kuungana. Kwa ukubwa si la kutisha, kilomita za mraba 60 hivi. Victoria lingeyameza zaidi ya elfu moja ya namna hiyo. Lakini ufuko wake, ukiufuata kona kwa kona, unakaribia kilomita 200. Ufuko mwingi, maji machache. Mlishike hilo, maana ndilo lililofanya pawe na vijiji vingi vidogo badala ya mji mmoja mkubwa: Wayzata, Excelsior, Mound, Deephaven, Tonka Bay, Minnetonka Beach, na vingine. Halmashauri kumi na nne zinagawana ziwa moja. Excelsior wakazi wake ni elfu mbili na ushei tu, na unaweza kuuzunguka kwa miguu kabla chai haijapoa.

Na kabla ya vijiji hivyo walikuwapo Wadakota. Walikuwa na mahali patakatifu kwenye rasi upande wa Wayzata, ambapo wazungu walipaita Spirit Knob. Mkataba wa mwaka 1851 ukawaondolea ardhi, na baada ya vita vya 1862 wakafukuzwa jimboni. Mji wa Mound umepata jina lake kutokana na vilima vya makaburi ya watu wa kale wa nchi ile. Nalitaja hili mapema kwa sababu vipeperushi vya utalii vina tabia ya kuanza hadithi na hoteli, kana kwamba kabla ya hoteli palikuwa na bata tu.

Haya, hoteli. Treni ilifika Wayzata mwaka 1867. Miaka kumi na ushei baadaye majengo makubwa yakaanza kuota ufukoni. Mwaka 1879 ikafunguliwa Hotel St. Louis kule Deephaven, na jina lake linakuonyesha wateja walikuwa nani: matajiri wa St. Louis na miji ya kusini hadi New Orleans, waliokuwa wakikimbia joto na homa za kiangazi katika bonde la mto Mississippi. Fikiria mtu anasafiri siku kadhaa kwa treni, na masanduku yake, na yaya wa watoto, anakuja kukaa msimu mzima. Mwaka 1882 James J. Hill, yule bwana mkubwa wa reli, alifungua Hotel Lafayette, vyumba kama 300, mahali ambapo nchi kavu ni nyembamba kiasi kwamba unaliona ziwa mbele na nyuma. Mwaka huo huo ikashushwa majini meli kubwa ya moshi, Belle of Minnetonka, iliyosemekana kubeba watu 2,500. Ulysses Grant, aliyekuwa amestaafu urais, alifika kwenye karamu pale Lafayette mwaka 1883.

Mambo makubwa hayo. Yalidumu muda gani? Miaka kumi na tano hivi, basi. Reli zile zile zilizowaleta matajiri ziliendelea kusonga magharibi hadi milimani, na matajiri wakapanda treni wakazifuata. Hotel Lafayette ikaungua mwaka 1897. Mahali pake leo pana klabu ya wanachama. Kama huna kadi, hupiti getini.

Ngoja niwaambie kisa kimoja cha Wayzata, maana nakipenda. Reli ya Hill ilipita ufukoni kabisa, kati ya maduka na maji. Wanakijiji wakachoka na moshi, kelele na mabehewa yaliyoegeshwa mbele ya milango yao, wakamshitaki. Kijiji kidogo, kinamshitaki mtu aliyekuwa na treni zake mwenyewe! Na wakashinda. Hill akakasirika. Akaiondoa stesheni ya Wayzata, akaihamishia kama maili moja mashariki, watu wa Wayzata watembee na mizigo yao wakome. Wakatembea kwa miaka mingi. Baadaye pande mbili zikapatana, na mwaka 1906 akawajengea stesheni mpya, nzuri, iliyosimama hadi leo kama jumba la makumbusho. Ila reli bado iko ufukoni. Leo hii ukinunua kahawa Wayzata ukavuka kwenda kuangalia maji, utasimama kungoja treni ya mizigo ipite, mabehewa mia, na kahawa inapoa mkononi. Wenyeji hata hawageuzi shingo.

Sasa wasikilizaji, hapa ndipo ninapotofautiana na vitabu vya picha. Vitabu hivyo huziita enzi za hoteli kuwa ndizo enzi za dhahabu. Mimi nasema hoteli hazikuacha kitu cha maana. Vijiji ninavyovizungumza leo vilikuzwa na tramu.

Ndiyo, tramu. Mwaka 1905 kampuni ya tramu ya Minneapolis ilifikisha njia yake Excelsior. Mwaka uliofuata ikaongeza boti za moshi sita, zenye umbo jembamba, zimepakwa rangi ya njano kama mabehewa ya tramu, na viti vyake vya ukindu ni vile vile vya tramu. Unashuka behewa, unaingia boti, unashushwa kwenye gati la kijiji chako. Kampuni ikajenga na uwanja wa starehe kwenye kisiwa kiitwacho Big Island, wenye mnara wa taa za umeme na ukumbi wa muziki. Safari hii waliokuja hawakuwa matajiri wa New Orleans. Walikuwa makarani, mafundi, wauza duka, na watoto wao wenye vikapu vya mikate. Walikuja asubuhi wakarudi jioni.

Na mtu akija mara mbili, mara tatu, anaanza kutamani. Akauziwa kiwanja kidogo. Wapimaji walivikata viwanja vile vyembamba sana, mita 12 au 15 upana, kwa sababu nani angejali? Ni pa kuweka kibanda cha mbao cha kulala miezi miwili ya kiangazi. Na kwa kuwa si kila kiwanja kingegusa maji, sehemu nyingine waliacha ukanda wa ufuko uwe wa pamoja, wa watu wote wa mtaa ule, na wakaacha vichochoro vinavyoshuka hadi majini. Viwanja vidogo, ufuko wa pamoja, vichochoro. Nayarudia mambo hayo matatu kwa sababu tutayahitaji mbele.

Tramu nayo haikudumu. Uwanja wa Big Island ulifungwa mwaka 1911 tu. Magari ya binafsi yakaja, boti zikakosa abiria, na mwaka 1926 kampuni ikazizamisha baadhi yake makusudi karibu na kisiwa kile. Behewa la mwisho la tramu ya Excelsior lilikuwa la mwaka 1932. Boti moja kati ya zile, Minnehaha, mzamiaji aliigundua chini ya ziwa mwaka 1979. Ikavutwa juu mwaka uliofuata, wazee wa kujitolea wakaitengeneza ubao kwa ubao, na mwaka 1996 ikabeba abiria tena. Hiyo peke yake ingetosha kipindi kizima, lakini tusonge.

Excelsior ilibaki na uwanja mwingine wa starehe kuanzia 1925 hadi 1973: gari la reli la kupanda na kushuka, farasi wa mbao wanaozunguka, ukumbi wa dansi. Juni 1964 kikundi cha vijana wa Kiingereza kilipiga muziki katika ukumbi ule mbele ya watu wachache, na kikundi chenyewe kilikuwa Rolling Stones. Wazee wa pale, kila mmoja anadai alikuwamo. Ukumbi ungelazimika kuwa na ukubwa wa uwanja wa mpira! Leo uwanja ule ni nyumba za ghorofa.

Basi vibanda. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia jiji lilipungukiwa na nyumba, askari wamerudi, wanaoa, wanazaa. Vibanda vya kiangazi vilikuwa rahisi. Watu wakahamia humo mwaka mzima. Mound ikawa na kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1946 kutengeneza zana za bustani, kikaishia kutengeneza malori ya chuma ya kuchezea watoto, yale ya njano ya Tonka. Jina lile wamelitoa kwenye ziwa. Mtu akawa na kazi, na kibanda, na ziwa. Tatizo lilikuwa moja tu. Minnesota ni nchi ya baridi ya kutisha, na kibanda hakikujengwa kwa baridi.

Hapa niwaingize ndani ya nyumba moja. Bibi niliyemtunza alikuwa akiishi kwenye kibanda cha namna hiyo. Yeye alitaka nimwite kwa jina lake, kama desturi yao. Mimi ulimi ulikataa kumtaja mtu wa umri ule kwa jina tupu, nikamwita Bibi, naye akazoea, hata kwenye simu akawa anajitambulisha hivyo. Nyumba yake ilikuwa na dirisha kati ya jikoni na chumba cha kulala. Dirisha kamili, na fremu yake, na kitasa chake, unasimama unakoroga uji huku unamwona mgonjwa wako kitandani. Nikadhani ni ufundi wa kuwasaidia wazee. Kumbe ndilo lilikuwa dirisha la nje! Chumba kile zamani kilikuwa baraza lenye wavu wa mbu. Marehemu mumewe aliliziba kwa mbao, akaweka kuta, likawa chumba, na dirisha hakuona sababu ya kuling'oa.

Nyumba nzima ilikuwa hivyo. Ilianza imesimama juu ya nguzo. Wakainyanyua kwa jeki, wakachimba chini yake, wakajenga msingi wa matofali ya saruji, wakaishusha. Ila haikukaa sawa. Ukidondosha kidonge jikoni kinabingirika chenyewe hadi ukuta wa upande wa ziwani, na kila asubuhi nilikuwa najua pa kukitafuta. Usiku wa baridi kali, nyuzi thelathini chini ya sifuri, Bibi alikuwa na kanuni zake: acha bomba la jikoni litone, fungua milango ya kabati lililo chini ya sinki ili joto liyafikie mabomba, na usizime taa ya chini ya nyumba. Ukisahau, asubuhi unampigia fundi bomba, na fundi bomba wa Januari hachekelei.

Sasa, viwanja vya mita 12. Maana yake jirani akipiga chafya unamwambia pole kutoka kitandani kwako. Njia za mitaa ile ni nyembamba, zinajipinda kufuata ufuko, hazina nafasi ya watembea kwa miguu. Gari la kuondoa theluji likipita halina mahali pa kuisukumia, linairundika mbele ya lango lako, nawe unatoka na koleo. Watu wanaishi hivyo, karibu karibu, na kwa kweli niliona ujirani pale ambao sikuuona kwenye vitongoji vipya vyenye bustani kubwa. Jirani alikuwa akiangalia kama pazia la Bibi limefunguliwa. Likichelewa, anagonga. Hakuwa mtu wa upole sana, nisiwadanganye. Lakini pazia lilikuwa mbele ya macho yake, angefanyaje?

Tuje kwenye ufuko. Kwa sheria ya Minnesota, maji ya ziwa kama lile ni ya umma. Ukishaingia kwa njia halali, unaweza kwenda na boti yako popote juu yake, hata mbele ya nyumba ya bilionea. Maji ni ya wote. Lakini nchi kavu iliyo kando ya maji ni ya watu, kipande kwa kipande. Basi swali linakuwa: utaingilia wapi? Sisi Tanzania sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zisijengwe vitu vya kudumu. Kama inafuatwa au haifuatwi, watu wa Mwanza watatuambia. Kule hakuna mita 60 za aina hiyo. Kule kuna ramani ya zamani.

Mnakumbuka ule ukanda wa pamoja? Mji wa Mound unao hadi leo. Ufuko wa pamoja ni mali ya halmashauri, na wakazi wanalipa ada kila mwaka kupata nafasi ya kuweka gati. Nyumba ya Bibi ilikuwa safu ya pili, haigusi maji, lakini alikuwa na gati. Gati lenyewe ni fremu ya chuma na mbao juu yake. Kila mwaka kabla barafu haijashika, linatolewa majini vipande vipande na kupangwa kwenye nyasi, maana likiachwa barafu inalikunja. Masika linarudishwa. Kazi ya siku nzima, watu wamevaa suruali za mpira hadi kifuani, wanatukanana kwa upendo. Anayeitaka nafasi na hana, anangoja kwenye orodha.

Na ugomvi wake! Fikiria wewe ndiye mwenye nyumba ya safu ya kwanza. Unaona umelipia mandhari, na mbele ya mandhari yako kuna ukanda wa halmashauri, na juu ya ukanda huo amekaa jirani wa safu ya tatu na watoto wake, redio, na ndoo ya samaki. Unasema: huu ni ufuko wangu. Yeye anasema: soma ramani. Vile vichochoro navyo ni hivyo hivyo. Vingine huitwa njia za zimamoto. Kwenye ramani ni vya umma. Kwenye macho ni nyasi za mtu, zimefyekwa vizuri, kuna maua, kuna jiwe kubwa limekaa katikati kwa bahati mbaya. Mgeni atapita hapo bila kuuliza? Hathubutu. Ndiyo maana wazee wa vijiji vile huwafundisha wajukuu vichochoro viko wapi mapema, kama wanavyowafundisha kuogelea.

Nisiseme kana kwamba ramani ya zamani ilikuwa ya haki kwa wote. Miongo ile ile ya viwanja vidogo, wauzaji wa ardhi katika wilaya ya Hennepin, ambamo sehemu kubwa ya ziwa imo, walikuwa wakiandika kwenye hati nyingi za viwanja kwamba nyumba isiuzwe wala isikodishwe kwa mtu asiye mzungu. Jimbo lilikataza masharti mapya ya namna hiyo mwaka 1953, na sheria ya nchi nzima ya mwaka 1968 ikaziba ubaguzi wa nyumba kwa upana zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wameanza tangu 2016 kuzisoma hati hizo moja moja na kuziweka kwenye ramani, na tangu 2019 mwenye nyumba anaweza kusajili kwamba ameyakataa maneno hayo. Kwa hiyo nilipokuwa nikishuka kichochoroni na Bibi kwenye kiti chake cha magurudumu, mimi Mwafrika na yeye mzungu wa miaka tisini, tulikuwa tukipita kwenye karatasi nyingi. Wapo walionisalimia vizuri sana. Wapo walioniuliza kama nimepotea.

Majira ya baridi mambo hubadilika kidogo. Ziwa linaganda, barafu inakuwa nene ya kubeba gari, na ghafla ufuko hauna maana tena. Watu wanavuta vibanda vya kuvulia samaki hadi katikati ya ghuba, wanatoboa barafu kwa keekee la injini, wanakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wanashusha ndoana. Kibanda lazima kiandikwe jina au namba ya mwenyewe, na mwanzoni mwa Machi viondolewe kabla barafu haijalegea. Mbele kabisa ya jumba la madirisha ya vioo utaona kibanda cha mbao kilichopigwa misumari na fundi gari wa Mound, moshi unatoka kwenye bomba, na mwenye jumba hana la kumfanya. Maji ni ya wote, hata yakiwa mawe. Ukiniuliza, huo ndio wakati ziwa lile linapendeza, ingawa miguu yangu haitakubaliana nami.

Na maji yenyewe, je, ni safi? Kuna wakati hayakuwa. Vibanda vilipogeuka nyumba za mwaka mzima, mashimo ya choo yaliyochimbwa kwa miezi miwili yakabeba miezi kumi na miwili, na mitambo midogo ya majitaka ya vijiji ikamwaga ndani ya ziwa. Maji yakawa ya kijani. Miaka ya 1970 majitaka yakaanza kuelekezwa kwenye mabomba makubwa ya jiji, nje ya bonde la ziwa, na hali ikapata nafuu. Ila boti huleta wageni wake. Mwaka 1987 liligunduliwa gugu la majini lenye asili ya Ulaya na Asia, linalojinyonga kwenye mapanga ya injini. Mwaka 2010 wakaja kome wadogo wenye mistari kama punda milia, makali kama wembe. Watoto sasa wanaogelea na viatu.

Nimalizie na jambo ambalo linaendelea hivi leo. Kila mwezi kwenye sanduku la barua la Bibi zilikuwa zinakuja barua za kununua nyumba yake, karatasi nzuri, maneno matamu. Zote zilisema nyumba itachukuliwa jinsi ilivyo, asihangaike hata kufagia. Bibi alikuwa akinisomea anacheka. Unajua kwa nini asifagie? Kwa sababu hawataki nyumba. Wanataka kiwanja. Kibanda kitavunjwa kwa asubuhi moja, na kitainuka kitu cha ghorofa tatu kinachokaribia kujaza kiwanja kizima. Hufanyika mtaa kwa mtaa. Mwingine ananunua viwanja viwili vitatu vya mita 12, anaviunganisha. Jumba linakamilika, mwenyewe anakuja kiangazi, majira ya baridi yuko Florida. Mapazia hayafunguliwi, na hakuna wa kumgongea.

Mnaona kilichotokea? Likizo za pale zilianza na matajiri wa msimu, wakaja watu wa tramu, wakakaa, wakazaa, wakaweka mabomba, wakagombana kuhusu magati. Sasa matajiri wa msimu wanarudi, safari hii bila hoteli. Kodi ya majengo hufuata bei za jirani, kwa hiyo hata asiyeuza anasukumwa. Mwalimu wa shule ya kijiji, mpishi wa mgahawa wa ufukoni, na yule dada wa Kisii anayekuja kuogesha wazee, wote wanalala mbali na kuja kwa gari alfajiri. Mtu ataniambia hivyo ndivyo soko lilivyo. Sawa. Lakini soko halikuchora vile vichochoro na ule ukanda wa pamoja. Vimebaki kwa sababu viko kwenye ramani, na kwa sababu wapo watu wanaokwenda kwenye vikao vya halmashauri Jumanne usiku, vikao vya kuchosha ajabu, kuhakikisha havifutwi. Kama ningekuwa na nyumba ya safu ya pili pale, hapo ndipo ningekuwa nakaa Jumanne zangu.

Sasa ninyi mlioko Minneapolis na Brooklyn Park. Mnaniandikia kwamba Minnetonka ni ya wenyewe. Si yote. Excelsior ina bustani ya umma ufukoni kabisa, wanaiita Commons, iliyotengwa tangu siku za mwanzo za kijiji. Ina pwani ya kuogelea, miti mikubwa na meza. Njia ya zamani ya reli sasa ni njia ya baiskeli na miguu, inakuleta hadi mjini. Wayzata, ukishavuka reli, ufuko ule pale mbele ya stesheni ya mwaka 1906. Nendeni Jumamosi mapema, kabla ya saa nne asubuhi, maana maegesho hujaa. Chukueni sambusa, chukueni viatu vya kuogelea kwa ajili ya kome, na msome kibao cha mkaa na moto kabla ya kuwasha jiko. Mkikuta kichochoro chenye jiwe katikati, ulizeni ofisi ya halmashauri ramani inasemaje. Wanayo, na wanalazimika kuwaonyesha.

Muda wetu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa.  Mwenye kisa cha kijiji kilichoachwa na wageni, aniandikie, nitakisoma hewani.